Sheria Ifike Zahanatini: Kenya na Deni la Afya ya Msingi

Oktoba 19, 2023, Rais William Ruto alitia saini miswada minne ya afya kwa mpigo katika Ikulu ya Nairobi. Siku hiyo Kenya ilipata Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi, Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya na Sheria ya Afya ya Kidijitali. Kesho yake Sikukuu ya Mashujaa ikaadhimishwa Kericho, na afya kwa wote ndiyo iliyokuwa mada ya siku. Wanaofuatilia sekta hii walikuwa na sababu ya kufurahi. Kwa miaka mingi walilalamika kwamba zahanati na vituo vya afya, ambako wananchi wengi huanzia safari ya matibabu, vinaendeshwa kwa waraka wa wizara na huruma ya wafadhili. Sasa vilikuwa vimeingia katika vitabu vya sheria.

Tangu hapo kumekuwa na kesi mahakamani, migomo, vilio vya hospitali zisizolipwa na mabishano yasiyoisha kuhusu SHA, ile Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali. Katika vuta nikuvute hiyo swali la msingi limezama: sheria yenyewe inaweza kumsogezea mwananchi huduma kwa kiasi gani? Makala haya yanashikilia kwamba sheria humfaa mgonjwa pale inapotaja wazi mambo matatu: nani analipa, fedha zinapita njia gani hadi kituoni, na nani anawajibishwa zisipofika. Sheria za 2023 zimepiga hatua kubwa katika la kwanza, zinajikongoja katika la pili, na la tatu zimeliachia hisani ya viongozi. Hapo ndipo pa kurekebishwa.

Matamko yaliyotangulia sheria

Kenya haijawahi kupungukiwa na ahadi za afya. Mwaka 1965 serikali changa ya Jomo Kenyatta ilifuta ada ya shilingi 5 katika vituo vya umma. Mwishoni mwa 1989, enzi za marekebisho ya uchumi yaliyoshinikizwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, ada zikarudi kwa jina la ugharimiaji wa pamoja. Wagonjwa walipopungua vituoni, ada ya wagonjwa wa nje ikasitishwa 1990, kisha ikarejeshwa hatua kwa hatua. Mwaka 2004 ukaja utaratibu wa 10/20: shilingi 10 kwenye zahanati, shilingi 20 kwenye kituo cha afya. Juni 1, 2013, Sikukuu ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba hata hizo zimefutwa, na kwamba kina mama watajifungua bure katika vituo vya umma. Desemba 2018 akazindua mjini Kisumu majaribio ya afya kwa wote katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos.

Mgala muue na haki yake mpe. Matamko haya hayakupita bure. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 89 ya uzazi ulisimamiwa na mhudumu mwenye ujuzi, kutoka asilimia 62 mwaka 2014. Kuondolewa kwa ada ya kujifungua ni mojawapo tu ya sababu, lakini si sababu ndogo. Udhaifu wa tamko uko kwingine: linakiondolea kituo mapato yake leo, na fidia linaiachia bajeti ya kesho.

Chukua fidia ya zile ada zilizofutwa 2013. Serikali ya taifa ilitenga ruzuku ya shilingi milioni 900 kwa mwaka, igawiwe kaunti zote 47 ili zahanati na vituo vya afya vifidiwe. Ukiigawa kwa Wakenya milioni 47.6 waliohesabiwa katika sensa ya 2019, haifiki shilingi 20 kwa mtu kwa mwaka mzima. Pamoja na udogo wake, fedha hizo zilikuwa na faida moja: zilikuwa na jina. Afisa wa kaunti aliyeziona kwenye vitabu alijua ni za nani. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 ruzuku hiyo, pamoja na nyingine kadhaa, iliyeyushwa ndani ya mgao wa jumla wa kaunti uliopanda hadi shilingi bilioni 370. Kwa hesabu za Hazina Kuu hakuna kilichopotea. Kwa zahanati, fedha zake zilipoteza jina, na fedha isiyo na jina katika bajeti ya kaunti hushindania nafasi na barabara, mishahara na madeni ya wanakandarasi. Hakukuwa na kifungu chochote cha sheria ambacho kamati ya zahanati ingeweza kukishika na kudai chake.

Somo la Pwani

Ajabu ni kwamba njia bora ilikuwa imekwisha kujaribiwa hapa hapa nyumbani. Mwaka 2005, katika uliokuwa Mkoa wa Pwani, zahanati na vituo vya afya vya serikali vilianza kupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao za benki, kwa msaada wa Denmark. Kamati ya kituo, yenye wawakilishi wa wakazi, ndiyo iliyopanga matumizi. Viwango havikuwa vikubwa, lakini vililipa vitu ambavyo hakuna mkubwa anayevikumbuka Nairobi: ujira wa kibarua wa usafi na mlinzi wa usiku, mafuta ya taa na gesi, nauli ya muuguzi kwenda kuchanja kijiji cha mbali, ukarabati wa paa linalovuja. Mpango huo ukawa msingi wa mfuko wa kitaifa wa huduma za sekta ya afya, ulioanza kutuma fedha vituoni mwaka 2010.

Kisha ugatuzi ukaja. Katiba ya 2010 ilikuwa imefanya makuu mawili. Kifungu cha 43 kilimpa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kikapiga marufuku kumnyima yeyote matibabu ya dharura. Jedwali la Nne nalo likaikabidhi kaunti hospitali zake, zahanati, maduka ya dawa, magari ya wagonjwa na uendelezaji wa huduma za msingi, huku serikali ya taifa ikibaki na sera na hospitali kuu za rufaa. Kaunti zilipoanza kazi 2013, njia ile ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi akaunti ya zahanati ikakatika, na kaunti nyingi hazikujenga nyingine.

Zilizojenga zilionyesha nguvu ya sheria za karibu na mwananchi. Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianzisha mwaka 2016 mpango ambao familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika vituo vya kaunti. Kakamega ilianza kuwapa kina mama wasiojiweza shilingi 2,000 katika kila hatua, tangu kliniki ya wajawazito hadi chanjo za mtoto, jumla shilingi 12,000, na baadaye mpango huo ukaingizwa katika sheria ya kaunti. Ugatuzi, basi, haukuua afya ya msingi. Ulichofanya ni kuifanya itegemee gavana aliyepo, na mkazi wa kaunti moja akawa na haki ambayo jirani yake ng'ambo ya mto hana. Kazi ya sheria ya kitaifa ilikuwa kuondoa bahati nasibu hiyo.

Kilichoandikwa 2023

Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi inaweka mtandao wa huduma. Katikati ipo hospitali ya kaunti ndogo. Kuizunguka, vituo vya afya na zahanati. Na chini yake, jamii yenyewe na wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba. Wazo lake ni kwamba mgonjwa wa shinikizo la damu agunduliwe kwake, apewe dawa kwenye zahanati, na apande hospitalini ikibidi tu. Hilo ni wazo la Alma-Ata, azimio la kimataifa la Septemba 1978, na Kenya ilikuwa imelizungumzia kwa zaidi ya miaka 40 bila kulitungia sheria yake.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii iliivunja NHIF, iliyokuwapo tangu 1966, ikaunda SHA na mifuko mitatu. Mfuko wa Huduma za Afya ya Msingi hulipia matibabu ya ngazi za chini na unategemea kodi. Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii hulipia huduma za hospitali na unategemea michango ya asilimia 2.75 ya mapato, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu. Mgawanyo huu una mantiki nzuri ambayo wengi hawajaiona katikati ya malumbano ya michango: kwenye zahanati mwananchi hapaswi kuulizwa kama amelipa mchango. Akishajisajili, huduma ya msingi ni yake. Katika nchi ambayo mwaka 2022 karibu robo tu ya watu walikuwa na bima ya aina yoyote, kuitenga huduma ya msingi na mchango ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika sheria hizi.

Njia ya shilingi

Hapa tuingie ndani kidogo, maana ndipo mambo yanapokwama. Kabla ya 2023, mgonjwa akilipa shilingi 100 kwenye dirisha la hospitali ya kaunti, katika kaunti nyingi shilingi hizo hazikubaki pale. Zilipelekwa kwenye mfuko wa mapato wa kaunti. Ili zirudi, ilibidi bunge la kaunti lizipitishe katika bajeti, Msimamizi wa Bajeti aidhinishe zitolewe, na hazina ya kaunti izitume. Safari hiyo ilichukua miezi, na mara nyingi shilingi 100 hazikurudi zote. Wakati huo huo mtambo wa oksijeni umeharibika na filamu za eksirei zimekwisha.

Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya iliikata safari hiyo: kinachokusanywa na kituo kibaki kituoni, kitumike kwa mpango ulioidhinishwa na kikaguliwe. Ni sheria fupi isiyo na mbwembwe, na huenda ndiyo yenye faida ya haraka zaidi kati ya zote nne. Lakini itazame kutoka zahanatini. Kanuni ya kubaki na ulichokusanya humfaidi anayekusanya. Hospitali yenye maabara, wodi na chumba cha upasuaji hukusanya mamilioni. Zahanati, kwa kuwa imeamriwa kutibu bure, haikusanyi kitu. Riziki yake yote inategemea kile SHA itakachoiletea kutoka Mfuko wa Huduma za Afya ya Msingi.

Na mfuko huo ni mwembamba. Bajeti ya 2025/26 iliutengea shilingi bilioni 13.1. Gawa kwa Wakenya zaidi ya milioni 50: ni kama shilingi 250 kwa mtu kwa mwaka. Ni kweli kwamba mishahara ya wauguzi na sehemu ya dawa hulipwa na kaunti, kwa hiyo hizo 250 si gharama yote. Lakini linganisha na shilingi 3,600, kiwango cha chini kabisa ambacho familia maskini inatakiwa kuchangia kwa mwaka kwa ajili ya hospitali. Nchi inayotangaza kwamba imeielekeza afya kwenye kinga na huduma za karibu bado inaweka uzito wa fedha zake kwenye kitanda cha wodi. Sheria iliunda mfuko, haikuuwekea kima cha chini. Mwaka wa neema utapewa zaidi. Mwaka wa kubana matumizi utakatwa, na hakuna sheria itakayokuwa imevunjwa.

Kuna tatizo jingine lisilosemwa sana. Malipo yanayofuata idadi ya wagonjwa hupendelea vituo vyenye watu wengi. Zahanati ya mtaa wa Nairobi huona wagonjwa tele; ya kijiji cha Tana River au Turkana huona wachache, tena waliotembea nusu siku. Lakini friji ya chanjo hula gesi ile ile, mlinzi hulala mlangoni usiku ule ule, na muuguzi ni mmoja awe na wagonjwa kumi au themanini. Sheria isipotambua gharama ya umbali, fomula yenye sura ya haki itazidi kuwanyima wale wale walionyimwa tangu ukoloni.

Mlango wa nyumba

Sehemu ya sheria inayoonekana kwa macho ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Septemba 2023, wiki chache kabla ya kutiwa saini kwa sheria hizi, serikali ilizindua kikosi cha wahamasishaji wapatao 100,000, kila mmoja akiwa na nyumba zipatazo 100 za kuhudumia. Walipewa mkoba wenye kipimo cha shinikizo la damu, cha sukari, kipimajoto, mizani na utepe wa kupima mkono wa mtoto, pamoja na simu ya kuingiza taarifa. Wengi wao ni wanawake ambao kwa miaka walikuwa wakifanya kazi hiyo kwa kujitolea, wakilipwa kwa fulana na shukrani.

Kwa mama anayefikiwa nyumbani na mhamasishaji, mabadiliko ni makubwa. Shinikizo lake, ambalo angeligundua siku anapooza upande mmoja, linaonekana mapema. Anaandikiwa rufaa aende zahanati. Akifika na kukuta vidonge havipo, rufaa ile imegeuka karatasi, na mhamasishaji amepoteza imani ya nyumba nzima. Ndiyo maana haifai kuusifu mkoba bila kuuliza kuhusu rafu ya dawa. Viungo vyote vya mnyororo huu vimetajwa na sheria, lakini vinalipwa na mifuko tofauti ya serikali mbili tofauti.

Posho yenyewe ni mfano. Mhamasishaji anastahili shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya taifa na nusu kutoka kaunti. Kwa watu 100,000 hiyo ni shilingi bilioni 6 kwa mwaka, si fedha za kuitisha nchi ukilinganisha na gharama ya kiharusi na figo zilizokufa. Lakini kugawanya mzigo bila kuweka tarehe kumezaa desturi ya kutupiana mpira: nusu moja hufika, nyingine huchelewa, na kila upande huonyesha kidole upande wa pili. Wahamasishaji wa kaunti mbalimbali wamelalamika hadharani kuhusu miezi ya malimbikizo. Ni vigumu kumtaka mtu atembee nyumba 100 kwa kiatu chake mwenyewe na kumlipa siku serikali mbili zitakapoelewana.

Usajili kabla ya matibabu

Huduma ya msingi ni bure kwa aliyejisajili. Masharti hayo mafupi yana uzito mkubwa. Kujisajili kunahitaji kitambulisho, na wapo Wakenya wasio nacho. Wamakonde wa Kwale walihangaika kwa vizazi kabla ya kutambuliwa na kupewa vitambulisho baada ya kuandamana kwa miguu hadi Nairobi mwaka 2016. Wapemba wa Pwani walitambuliwa rasmi 2023 tu. Pembezoni mwa nchi, vijana husubiri vitambulisho kwa muda mrefu. Mfumo wa afya unaopitia kitambulisho hurithi maonevu yote ya mfumo wa vitambulisho.

Kisha kuna mtambo. Miezi ya mwanzo ya SHA, mgonjwa alithibitishwa kwa nambari ya siri iliyotumwa kwenye simu. Bibi asiye na simu, au ambaye simu yake iko kwa mwanawe Mombasa, alikwama mezani. Baadaye wizara ikahamia alama za vidole ili kuziba mianya ya udanganyifu. Nia ni njema, maana fedha za wagonjwa zimekuwa zikiliwa kwa madai hewa, na mwaka 2025 wizara yenyewe ilisimamisha vituo kadhaa kwa tuhuma hizo. Lakini alama ya kidole inahitaji kifaa, umeme na mtandao, vitu ambavyo zahanati nyingi hazina kwa uhakika. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, iliyotolewa Machi 2025, iliongeza wasiwasi: mfumo wa kidijitali wa shilingi bilioni 104.8 haumilikiwi na serikali inayoulipia. Mashine inapozimika, sheria inapaswa kuwa imesema nini kifanyike. Ilipaswa kusema: mtibu kwanza, msajili baadaye.

Mahakama na sauti ya wananchi

Julai 12, 2024, majaji watatu wa Mahakama Kuu walibatilisha sheria tatu kati ya zile nne, za bima, huduma za msingi na kidijitali, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walilipa Bunge siku 120 kurekebisha. Septemba 20, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na Oktoba 1 SHA ikaanza kazi. Wengi waliuona mvutano huo kuwa ufundi wa mawakili unaochelewesha matibabu. Mimi naona vingine.

Sheria ilimtaka asiye na mshahara alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mama mboga wa Gikomba, mwendesha boda boda wa Bungoma na mvuvi wa Vanga hupata leo na kula leo. Wangeulizwa katika baraza lolote, wangelisema hilo kabla chai haijapoa. Hawakusikilizwa vya kutosha. Mamilioni wakajisajili, sehemu ndogo yao wakalipa, na mwaka 2025 serikali ikalazimika kubuni mkopo wa Lipa SHA Pole Pole ili kuziba kosa ambalo kikao kimoja cha wananchi kingelizuia. Ushirikishaji unaodaiwa na Katiba, basi, ni sehemu ya ubora wa sheria ya afya, sawa na hesabu ya fedha zake.

Wanavyofanya majirani

Tanzania ilifuata njia tofauti. Sheria yake ya Mfuko wa Afya ya Jamii ya mwaka 2001 ilitegemea kaya zijiunge kwa hiari, na hata baada ya kuboreshwa, kwa shilingi 30,000 za Tanzania kwa kaya ya watu sita, waliojiunga hawakutosha. Bunge la Dodoma lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, takriban wakati ule ule na Kenya. Hata hivyo, jambo ambalo Kenya inapaswa kujifunza kutoka huko lilianza kabla ya sheria hiyo: tangu mwaka wa fedha wa 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya, na vituo hivyo huweka hesabu zake katika mfumo mmoja wa kitaifa. Ni wazo lile lile la Pwani ya Kenya la 2005, likiwa limeenezwa nchi nzima. Rwanda nayo, iliyotunga sheria ya mituweli za afya, yaani bima za afya za jamii, mwishoni mwa 2007, ilikubali mapema kwamba maskini kabisa hawawezi kuchangia, na michango yao hulipwa na serikali na washirika wake. Hakuna nchi kati ya hizi isiyo na malalamiko. Lakini zote mbili zilishughulikia kwa vitendo maswali ambayo Kenya bado inayazunguka.

Vifungu vinavyokosekana

Lipo jambo ambalo sheria haiwezi. Haizai wauguzi wala madaktari. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulidumu siku 56, na wahudumu walioajiriwa kwa kandarasi mwaka 2020 kwa jina la afya kwa wote walikesha nje ya makao ya wizara mwaka 2025 wakidai ajira ya kudumu. Bila mtu wa kumhudumia mgonjwa, kifungu kizuri kinabaki maandishi. Lakini hata hapa sheria ina nafasi: inaweza kuzuia serikali kuanzisha mpango wa kitaifa kwa wafanyakazi ambao hakuna ngazi ya serikali inayokubali kuwaajiri.

Bunge la Taifa na Seneti hazihitaji kuanza upya. Marekebisho machache yangezitia sheria hizi meno.

La kwanza, Mfuko wa Huduma za Afya ya Msingi uwekewe kima cha chini kwa kila mkazi, kinachopanda kwa mfumuko wa bei, na kisichokatwa katikati ya mwaka bila kura ya Bunge. Juu yake kiongezwe kiwango cha umbali, ili zahanati ya Loiyangalani isipimwe kwa idadi ya wagonjwa wa Githurai.

La pili, kila zahanati na kituo cha afya cha umma kiwe na akaunti yake, na SHA ilazimike kulipa ndani ya siku zilizotajwa, ikichelewa ilipe riba. Serikali inayomtoza mwananchi faini kwa kuchelewesha kodi haina haki ya kuichelewesha zahanati bila gharama.

La tatu, posho ya mhamasishaji ilipwe na mkono mmoja. Serikali ya taifa ikate sehemu ya kaunti kwa makubaliano na ilipe yote, au kaunti ipewe fedha zote na jukumu lote. Nusu kwa nusu imeshindwa.

La nne, asigeuzwe mtu zahanatini kwa kukosa kitambulisho, simu au mtandao. Kituo kimtibu, kimwandikishe kwa karatasi, na SHA imlipie.

La tano, kila robo ya mwaka kituo kibandike ukutani, kwa Kiswahili na lugha ya wenyeji, fedha kilizopokea, tarehe zilipofika na zilivyotumika; SHA na kaunti nazo zitangaze zilichotuma. Wakazi wapewe haki ya kulalamika mbele ya Kamati ya Utekelezaji wa Haki katika kaunti, chombo kitakachoundwa na sheria hiyo hiyo, kabla ya kulazimika kukodi wakili kwenda Mahakama Kuu.

Haya yote yanaweza kuandikwa katika kurasa chache. Gharama yake ya kisiasa ndiyo kubwa, kwa sababu yanaondoa mikononi mwa Nairobi na magavana uhuru wa kuchelewesha. Uhuru huo ndio umekuwa ukiwagharimu wananchi tangu 1965: kila ahadi ilitolewa na mkubwa, na kila ilipovunjwa hakuna mkubwa aliyewajibishwa. Ahadi ni deni, na deni lisilo na tarehe ya kulipwa wala mdai anayetambuliwa na sheria halilipwi. Wabunge na maseneta watakaporudi kwenye sheria hizi, wasipimwe kwa maneno ya utangulizi waliyoyaandika. Wapimwe kwa kifungu kimoja: kinachomwezesha mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mkulima au mvuvi asiye na jina kubwa, kuidai serikali fedha za kituo chake na kuzipata.